Tuonje Kipande Kabla ya Kukikata



Juma hili tunazungumza juu ya jambo linalogusa kila kikundi chetu kinachokwenda studio kunasa wimbo: namna ya kusikiliza kipande kimoja kabla ya kukikata au kukihamisha. Mtu asiseme hayo ni mambo ya vijana. Feza inayolipa studio inatoka mikononi mwetu, na sauti ni zetu.

Mama anayepika sombe hangoji wageni waketi ndipo ajue kama chumvi imetosha. Anachota kidogo, anaonja. Kuonja si kupakua, chungu kinabaki motoni. Ndivyo ilivyo na wimbo.

Inafanywa hivi. Wimbo ukiingia katika kompyuta, ile wengi wetu tunaiita ordinatere, unaonekana kama milima midogo. Penye sauti kubwa mlima ni mrefu, penye kimya kuna mstari mnyoofu. Kijana anabonyeza kipanya pale kipande kinapoanza, anavuta mpaka kinapoishia, na rangi ya pale inabadilika. Katika Audacity, programu isiyolipiwa inayotumika tangu mwaka 2000, akigusa kile kibonye kirefu cha chini, kipande hicho kinasikika peke yake, kisha kinanyamaza. Wimbo wenyewe haujaguswa.

Kuna njia ya pili. Akiisha kuchagua kipande, akigusa herufi C, tunasikia sekunde 2 hivi za kabla, kipande kinarukwa, halafu sekunde 1 ya baada. Yaani tunasikia wimbo utakavyokuwa kipande kikiondolewa, nacho bado hakijaondolewa.

Kwa nini tunahimiza hivi? Kwa sababu katika Kiswahili herufi mbili zinaweza kubeba maana yote. Tuseme wamama wameimba: "Hatukubali binti aolewe angali mtoto." Kijana anasikia pumzi ya mwimbaji mbele ya neno, anataka kuisafisha, anakata mbele kidogo zaidi. "Ha" inakwenda pamoja na pumzi. Inabaki: "Tukubali binti aolewe angali mtoto." Wamama walioimba ili wamlinde binti, sasa wanasikika wakimtoa. Na wimbo ukiisha kupita kwenye telefoni za watu, nani ataurudisha?

Kwa hiyo tunashauri mambo manne.

Kwanza, mupatane bei mapema: saa ya kusikiliza na kusahihisha imo ndani ya malipo, au inahesabiwa mbali?

Pili, wamama wawili waketi karibu na kijana, mmoja akishika karatasi ya maneno. Kusema "Mwanetu, tusikilizishe kwanza" si kumdharau. Yeye anajua mashini, sisi tunajua tulichotaka kusema.

Tatu, kila kipande kisikilizwe mara mbili: mara peke yake, mara pamoja na maneno ya kabla na ya baada. Kipande kinaweza kuwa kizuri peke yake, lakini kikaharibu mwendo wa wimbo.

Nne, kopi ya kwanza isiguswe, itunzwe mahali pengine. Na kijana aweke kazi yake kila mara, maana umeme ukikatika hautoi habari.

Wazee wetu hawakuwa na nafasi hii. Mwaka 1952, Hugh Tracey aliponasa gita na sauti ya Mwenda Jean-Bosco kule Jadotville, mji tunaouita leo Likasi, mpigaji alipiga wimbo toka mwanzo mpaka mwisho, na kilichotoka ndicho kilichosikika. Walijitayarisha sana kabla ya mashini kuwashwa. Sisi tuige matayarisho yao, na nafasi ya kuonja tusiiache.

Kazi ya juma hili: kila kikundi kiandike maneno ya wimbo wake kwenye karatasi, na kitie mstari chini ya kila "ha", "si" na "usi". Hapo ndipo masikio yetu yakeshe. Hata mama asiyesoma sana ataweza kazi hii, kwa sababu wimbo anao kichwani, na sikio lake halidanganywi na milima ya kwenye kioo.

Mubaki salama. Tukutane juma lijalo.