Kukimbia, kuteleza, kuruka: vijana wetu wanabishana nini?



Vijana wetu wa miaka kumi na saba mpaka ishirini wameleta barua kwa kamati. Wanaomba tuwaazime chumba chetu cha mikutano Jumamosi moja ya likizo kubwa, wafanye mashindano ya mchezo wa video unaoitwa Call of Duty. Ni mchezo wa kupigana kwa bunduki. Barua iliandikwa kwa adabu na saini zote zilikuwepo. Lakini ilipokuwa ikisomwa, wenyewe wakaanza kugombana mbele yetu. Kundi moja linataka toleo la zamani, kundi la pili linataka jipya, na hawakugombania bunduki wala uzuri wa picha. Waligombania namna mtu aliye ndani ya mchezo anavyokimbia.

Wapo wamama waliocheka. Wapo waliosema tuwanyime wote, mambo yaishe. Sisi tunaoandika ukurasa huu tuliketi na vijana alasiri mbili, tukawaambia watuonyeshe kwa vidole huku wakieleza polepole. Tunawapasha tuliyoyapata, maana Jumatano tutapiga kura, na si vizuri kupigia kura kitu tusichokijua.

Mchezo huu ulianza mwaka 2003, na karibu kila mwaka kampuni hutoa toleo lingine. Ule wa kwanza ulihusu Vita Kuu ya Pili. Mwaka 2007 likaja toleo la vita vya siku hizi, na hilo ndilo lililoufanya mchezo ujulikane duniani kote. Humo askari aliweza kukimbia mbio, lakini kwa muda mfupi tu. Pumzi ilimwishia, akarudi kwenye mwendo wa kawaida. Mchezaji alipaswa kujua mlango uko wapi, dirisha liko wapi, na adui hupenda kupita wapi.

Mwaka 2014 wakamvisha askari vyuma vya kumsaidia kuruka juu angani. Mwaka 2015 akaanza kukimbia juu ya kuta. Mwaka 2016 walipotangaza toleo jingine la vyuma na mambo ya angani, watu walichoka. Ile video ya tangazo ilipata alama za kuikataa zaidi ya milioni tatu. Mwaka uliofuata kampuni ikamrudisha askari chini, miguu udongoni, katika Vita Kuu ya Pili.

Mnadhani mambo yalitulia? Hapana. Toleo la mwaka 2019 lilikuwa na mbio za kasi zaidi na kuteleza chini kwa paja. Wachezaji wakagundua ujanja: ukianza kuteleza kisha ukakatiza katikati, pumzi ya zile mbio inarudi mara moja. Basi mtu akawa anateleza, anakatiza, anakimbia, anateleza tena, kama mtoto aliyekanyaga sabuni. Mwaka 2022 kampuni ikauondoa ujanja huo. Makelele yakawa mengi, na mwaka 2023 ikarudisha uwezo wa kukatiza kuteleza. Mwaka 2024 ikaongeza tena: askari sasa anakimbia, anateleza na kujirusha kwenda upande wowote, hata kinyumenyume. Mwaka 2025 akaongezewa kuruka kwa kusukuma ukuta. Ndugu zetu, kampuni yenyewe haijui inataka nini, itakuwaje vijana wa Kikula na Panda wapatane?

Ili tuelewe vizuri, tulijilinganisha na mambo ya sombe. Wapo wanaosema sombe ni ile ya kinu, mama anapiga mchi mwenyewe na anajua kwa sauti tu kama imeiva kwa kutwangwa. Wapo wanaosema ile ya mashine ni sawasawa, inaokoa muda, na anayeikataa ni mzee wa kazi za bure. Wote wawili wanapika, wote wanakula na bukari. Lakini kila mmoja anatetea kile mikono yake ilichojifunza kwa taabu. Kijana wa toleo la zamani amejifunza mahali: amekariri kila kona. Kijana wa toleo jipya amejifunza vidole: anabonyeza vitufe vitatu kwa mpigo mmoja. Ukibadilisha mwendo wa askari, mmoja wao anaamka asubuhi na ujuzi wake hauna kazi tena. Kwa hiyo hasira zao si upuuzi mtupu.

Hata hivyo, tuliposikiliza zaidi tuliona jambo ambalo vijana wenyewe hawakulisema kwa jina lake, na kwetu ndilo kubwa kuliko yote. Toleo jipya wanalolitaka ni lile la simu, lililotoka mwezi wa kumi mwaka 2019. Kulipata ni bure. Kulicheza ni mega. Kila kidole kinapogusa kioo, habari inasafiri mpaka kwenye mashine za kampuni zilizo mbali, kisha inarudi. Mtu mwenye afya anahitaji karibu robo ya sekunde kuona kitu na kubonyeza. Sasa ongeza ucheleweshaji wa mtandao wetu, ambao saa za jioni kila mtu anaufahamu. Kama askari anatembea polepole, ucheleweshaji huo hauonekani sana: umemwona adui, bado yupo palepale. Kama anateleza na kuruka, ulipomwona siye alipo. Mtoto mwenye simu ya bei ndogo na mtandao mbovu anapigwa kabla hajaona kitu, na anaambiwa hajui kucheza.

Anafanya nini basi? Anaomba mega zaidi. Anaomba simu nyingine. Mama mmoja wa kikundi chetu alituambia kwamba pesa za sabuni zilipungua mara tatu kwa mwezi mmoja, na kijana wake akajitetea kuwa simu yake ni nzito. Tulidhani anatafuta maneno ya kujiokoa. Kumbe kwa habari ya simu alikuwa anasema kweli, ingawa pesa za sabuni si zake.

Toleo la zamani ambalo kundi la kwanza linalitaka ni la mwaka 2012, la diski. Linachezwa na watu wanne mbele ya televisheni moja iliyogawanywa vipande vinne, bila mega hata moja. Wote wanne wana mashine ileile, kwa hiyo anayeshindwa ameshindwa na jirani yake aliyekaa naye benchi moja. Hapo katikati tutaje kitu kidogo ambacho wazee wa Katanga watakipenda au kitawaudhi: toleo hilo lina sehemu inayochezwa Angola, mwaka 1986, na Jonas Savimbi yumo akipigana. Watoto wake walishitaki kampuni huko Ufaransa mwaka 2016 kwamba baba yao ameonyeshwa kama mtu katili asiye na akili. Mahakama ilikataa ombi lao.

Kundi la zamani lina hoja nyingine: eti mwendo wao ndio wa kweli, kwani hakuna askari anayeteleza kwa paja na bunduki mkononi. Kwa hilo tuwaambie wazi, sisi watu wa Likasi hatuhitaji mchezo utufundishe vita vya kweli. Mwezi wa tisa mwaka 1961, mji huu ukiwa bado unaitwa Jadotville, kikosi cha Waairlandi wa Umoja wa Mataifa, watu karibu 155, kilizingirwa hapa siku tano na jeshi la Katanga. Mkubwa wao, Pat Quinlan, alikuwa amewachimbisha mahandaki mapema. Walikaa ndani ya udongo mpaka risasi na maji vilipokaribia kwisha, wakajitoa mikononi mwa waliowazunguka. Hakufa hata mmoja wao. Upande wa Katanga walikufa wengi. Kuna filamu ya mwaka 2016 juu ya jambo hilo, nayo walikwenda kuipigia Afrika Kusini, hata vumbi letu hawakulitaka. Vita vya kweli, mara nyingi, ni kukaa shimoni na kungoja ukiwa na kiu. Na mtu akipigwa harudi baada ya sekunde tano, kama wanavyorudi hao wa kwenye kioo, wa zamani na wa sasa. Kwa hiyo neno "kweli" waliache nje ya chumba chetu.

Wapo kati yetu waliosikia risasi za kweli wakiwa wamebeba watoto mgongoni, na hawataki kusikia mlio huo ukitoka kwenye chumba walichokijenga kwa michango yao. Hatutabishana nao. Kama Jumatano watasimama na kusema hapana, neno lao lina uzito kuliko ukurasa huu. Tena Ulaya matoleo mengi ya mchezo huu yana alama ya 18 kwenye kasha, na huku kwetu tunakuta watoto wa miaka minane wamekaa mbele yake kwa sababu kaka yao amekaa.

Mawazo yetu ni haya. Tuwape chumba, kwa toleo la diski tu. Simu zibaki mfukoni, asije mtoto akaaibishwa mbele ya wenzake kwa umaskini wa mtandao. Wa chini ya umri wao wasiingie. Wadogo wafanyiwe mashindano ya mpira wa miguu kwenye mashine hiyohiyo asubuhi, kabla ya wakubwa. Sauti ya televisheni iwe chini. Wamama wawili wakae mlangoni, na wasiwe wale wa kusinzia.

Kundi la simu litalalamika, na lina haki ya kulalamika, kwa kuwa ujuzi wao wa vidole hautapata nafasi siku hiyo. Mmoja wao ametuuliza kama wanaweza kupewa saa moja ya mwisho, wakinunua mega kwa pesa walizofanyia kazi wenyewe. Kamati haijamjibu.

Kikao ni Jumatano saa tisa alasiri, baada ya likelemba. Aliye na jenereta ya kuazima atuambie kabla ya siku hiyo, kwa sababu hatuwezi kuitegemea SNEL Jumamosi nzima, na vijana wanasema mafuta watayalipa wao.