Cheti cha kipimajoto kisiwe hirizi

Mwaka wa 2004 watu 125 waliaga dunia katika wilaya za Makueni, Kitui na jirani zake baada ya kula mahindi yaliyoingiwa na sumu ya aflatoksini. Nafaka hiyo ilikuwa imehifadhiwa kabla ya kukauka vyema, nayo kuvu haihitaji mwaliko mwingine.

Tangu msiba huo, wanafunzi wa kilimo wamefunzwa kukariri kwamba mahindi yasiwekwe ghalani yakiwa na unyevu uzidio asilimia 13.5, na kwamba hewa iliyo baina ya punje isizidi asilimia 70 hivi. Hata hivyo, ni nadra kumsikia mtu akiuliza swali linalotangulia: je, chombo kinachotusomea nambari hiyo kinasema kweli?

Kihisi cha unyevu hakina ulimi wa kukiri uchovu. Ndani yake mna utando mwembamba unaofyonza mvuke wa maji na kuugeuza kuwa ishara ya umeme. Vumbi la ghala na mvuke wa kemikali huuharibu utando huo pole pole, huku kioo kikiendelea kuonyesha tarakimu zake kwa madaha, hata na nukta ya desimali. Kihisi kilichopungukiwa na pointi tano kitasoma asilimia 68 mahali penye 73, na mtunza ghala atalala usingizi mnono.

Dawa ya maradhi haya yajulikana. Chombo hulinganishwa mara kwa mara na kingine kilicho bora, na hicho nacho na kingine bora zaidi, hadi kufikia kipimo cha taifa. Nchini Kenya, kipimo hicho hutunzwa na Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, ambalo hulinganisha vipimo vyake na vya mataifa mengine chini ya mkataba uliotiwa sahihi jijini Paris mwaka wa 1875. Tunaweza kuuita mlolongo huu nasaba ya kipimo. Kila kizazi sharti kiandikwe: nani alilinganisha, lini, kwa chombo gani, na kwa kiasi gani cha shaka. Kizazi kimoja kikikosekana, nasaba imekatika, hata mhuri uwe mkubwa namna gani.

Walimu wa fizikia wanaweza kulidhihirisha jambo hili kwa gharama ndogo. Barafu safi iliyopondwa na kuchanganywa na maji safi hukaa kwenye nyuzi 0, iwe Nairobi au Mombasa. Maji yachemkayo hayana uaminifu huo. Mombasa huchemka kwa nyuzi 100, lakini Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Mwanafunzi wa Nairobi atakayekilazimisha kipimajoto chake kisome 100 ndani ya sufuria hiyo atakuwa amekitia kosa la karibu nyuzi sita, huku akijisifu kwamba amekisahihisha! Kuhusu unyevu, uji mzito wa chumvi ya mezani na maji, ukiwekwa ndani ya chupa iliyofungwa barabara, huishikilia hewa iliyo juu yake kwenye asilimia 75 hivi. Chombo kitakachosoma 60 humo baada ya saa kadhaa kisipelekwe ghalani.

Majaribio hayo ni ya darasani. Hospitali yahitaji cheti. Na hapa ndipo penye utata, kwani wengi wetu hukichukulia cheti kama hirizi: kikiwapo, madhara hayaji. Wanunuzi huridhika na kibandiko chenye tarehe. Wanasahau kwamba kulinganisha si kurekebisha. Maabara hulitamka kosa la chombo. Ni juu ya mwenye chombo kulitoa kosa hilo katika kila usomaji. Chanjo huhifadhiwa baina ya nyuzi 2 na 8, na zile za homa ya ini aina ya B na pepopunda huharibika zikiganda. Kipimajoto kinachozidisha kwa nyuzi tatu kitasoma 2 ilhali ndani ni 1 chini ya sufuri. Huenda cheti chake kililisema hilo waziwazi, kikafungiwa kabatini.

Niliwahi kuzuru zahanati ambapo vipimajoto viwili katika jokofu moja vilitofautiana kwa nyuzi nne. Muuguzi aliandika daftarini kile kilichoangukia baina ya 2 na 8. Sikumlaumu, maana hakuna aliyempa njia ya kujua kipi kiaminiwe.

Tangu ugatuzi wa mwaka wa 2013, zahanati ziko mikononi mwa kaunti. Zinapotangaza zabuni za vihisi, zidai cheti chenye nambari, kutoka kwa maabara iliyoidhinishwa kwa kiwango cha ISO/IEC 17025, tena kwa kipimo kile kile kinachohusika. Idhini ya joto haigeuki ikawa idhini ya unyevu. Isitoshe, gharama ya kulinganisha itengewe fedha kila mwaka. Kuna watakaosema kwamba kuvisafirisha vyombo vyote vya Turkana hadi Nairobi ni kuyaacha majokofu bila macho. Wanasema kweli. Basi kila kaunti na inunue kipimajoto kimoja bora cha kulinganishia, hicho ndicho kifunge safari ya Nairobi kila mwaka, na kikirejea Lodwar kizungushwe zahanati baada ya zahanati.