Nyumba Ugenini: Tu Wasafiri au Tu Wenyeji?



Mwezi huu tumeazimia kuandika khabari za nyumba yetu wenyewe. Si desturi yetu kufanya hivyo katika ukurasa huu, kwani mtu mwenye adabu huona haya kufunua pazia la mlango wake mbele za watu. Lakini tumeona kuwa lililotupata sisi huwapata watu wengi: watu wa pwani waliohamia bara kwa biashara, watumishi wa serikali wanaohamishwa mkoa hata mkoa, na vijana wetu waliokwenda Maskati na Ulaya, wakazaa huko na kulea huko. Basi na watuwie radhi wasiopenda khabari za nyumbani kwa watu.

Sisi twakaa Majimoto, katika nchi ya Wapimbwe, mkoa wa Katavi. Kwa asiyepajua, mtu akitoka Mpanda mjini hushika njia ya kusini, akapita Sitalike penye mto Katuma na viboko wake, akaikata mbuga ya wanyama ya Katavi, akafika Kibaoni na Usevya, kisha ndipo afikapo kwetu, katika bonde lielekealo ziwa Rukwa. Jina la mji limetokana na chemchemi za maji ya moto yanayobubujika ardhini. Wenyeji wa asili ni Wapimbwe, na tangu miaka ya 1970 wameshuka Wasukuma wengi pamoja na ng'ombe wao, wakafungua mashamba ya mpunga na mahindi. Mkoa wenyewe ni mchanga, umekatwa katika mkoa wa Rukwa mwaka 2012, na mwaka huo huo ndio tuliofika sisi kutoka Bagamoyo, mume na mke, na marobota manane ya nguo za kuuza.

Siku ya kwanza tulisema, "Mwakani, inshallah, tutarudi kwetu." Mwaka wa pili tukasema vile vile. Tukalisema neno hilo miaka kumi na moja, mpaka likawa kama salamu.

Na mtu akisema kila mwaka kuwa anaondoka, nyumba yake huonyesha. Nyumba tuliyopanga hatukuipiga lipu kwa ndani, kwani nani apige lipu ukuta wa mwenziwe? Uani hatukupanda hata mpapai. Vyombo vya harusi vya mama wa watoto wetu, sahani na birika na vikombe vyake, vilikaa ndani ya sanduku la mbao lililopigwa misumari tangu Bagamoyo, nasi tukila katika masinia ya bati na sahani za plastiki. Kila akitaka kulifungua tulimwambia, "Ngoja, tutafungua kwetu." Naye akangoja. Wanawake wana subira ambayo sisi wanaume huitumia vibaya.

Lakini tumbo halingoji. Nazi za kutoka pwani zilikuwa zikifika zimeoza nusu, na zilizo nzima bei yake ni ya kuchekesha. Mama wa watoto wetu akajifunza kwa jirani kuunga mboga kwa karanga, akawa hodari wa kisamvu cha karanga na samaki wa Rukwa. Mwanetu mkubwa, aliyezaliwa hapa mwaka 2013, tulipompeleka pwani mara ya kwanza akapakuliwa wali wa nazi, alionja kidogo akauliza kama wali ule umeharibika. Mama yetu hajalisahau neno lile mpaka leo.

Mtoto wa pili alizaliwa usiku wa mvua kubwa, mtaa mzima umejaa tope, na hapana mama mzazi wala shangazi wala somo aliye karibu. Aliyekuja ni bibi mmoja Msukuma wa nyumba ya tatu. Alikuja miguu mitupu na taa mkononi, akakaa hadi alfajiri, na kila asubuhi kwa muda wa siku arubaini akaleta kibuyu cha maziwa asitake malipo. Watoto wetu humwita bibi. Wamejifunza kwake kuitikia "mwangaluka" asubuhi kabla hawajajua vizuri "shikamoo", nasi tulikuwa tukiwarudi kwa ajili hiyo, jambo ambalo sasa twalionea haya.

Sasa tuje kwenye swali lililotukamata. Mwanetu alipotimu miaka tisa, mwalimu wa chuo alikuwa akiwafundisha watoto hukumu za sala ya msafiri: ya kuwa Adhuhuri, Alasiri na Isha hupunguzwa zikawa rakaa mbili mbili, ama Magharibi na Alfajiri hazipunguzwi. Akarudi nyumbani, akatukuta twasali Adhuhuri. Tulipotoa salamu akauliza, kwa adabu kabisa:

"Baba, wewe husema sisi hapa ni wasafiri tu. Mbona umesali rakaa nne?"

Tulicheka, kisha kicheko kikatukauka. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo yetu watu wa pwani, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, mbali na siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake imekatika, naye ni mkaazi, asali sala timamu. Na mwenye kungoja haja yake, akitazamia kila siku kuondoka, amepewa muda wa siku 18, basi. Haikutajwa miaka kumi na moja! Tangu juma la kwanza tulisimama mbele ya Mola wetu tukasali sala ya wenyeji, kisha tukatoka msikitini tukawaambia watu sisi ni wapitaji. Lipi katika mawili hayo lilikuwa kweli? Mtoto alingoja jawabu, nasi tukamtuma dukani kununua sukari.

Mwaka 2023, kabla ya Ramadhani, mama yetu alipiga simu kutoka Bagamoyo, akasema anakuja kumchukua mjukuu wake. Maneno yake hayakuwa na mzunguko. Mtoto amekua, kusoma kwake Kurani kunamtia aibu, herufi za kooni hazitoki, na chuo cha huko hakina mwalimu wa kumnyoosha. "Nipeni mimi nimlee katika dini na adabu za kwao."

Twakiri kuwa sisi tulielekea kukubali. Ndivyo tulivyolelewa wengi wetu, mtoto wa kwanza hukaa kwa bibi, na aliyosema juu ya herufi yalikuwa kweli tupu. Mama wa watoto wetu alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Baba watoto, akienda huyu, mwakani atatakiwa na wa pili. Sisi tutabaki hapa na duka." Tukamwambia ni kwa muda tu, mpaka tutakaporudi. Akatutazama, akaashiria lile sanduku la misumari, asiseme neno. Tuligombana siku ile. Hatutaandika yote tuliyosemezana.

Mama akapanda garimoshi hadi Mpanda, kwa njia ile ya reli iliyojengwa na Waingereza baada ya Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya madini ya risasi. Akashuka na mifuko miwili ya nazi na mkeka mpya. Mjukuu akamwamkia, "Shikamoo bibi," naye akajibu, "Marahaba, mume wangu, nimekuja kukutoa porini." Mtoto akacheka, asijue kuwa maneno yale hayakuwa utani mtupu.

Ramadhani ikaandama yungali nasi. Siku ya kwanza futari imeandaliwa mkekani, tende, uji, na vitumbua vilivyopata nazi ya kweli, na redio iko wazi. Ilipofika saa 12 na nusu adhana ya Dar es Salaam ikalia. Mama akanyosha mkono, akashika tende, akasema bismillahi. Mjukuu akamdaka mkono.

"Bibi, bado! Hiyo ni adhana ya kwenu. Jua la huku halijachwa."

Akamwongoza mpaka mlangoni, na kweli, jua lilikuwa juu ya miti, jekundu, halina haraka. Majimoto iko mbali magharibi ya Dar es Salaam, na jua hutuchwea nyuma yao kwa karibu nusu saa. Na mfungaji hufungua kwa jua la mahali alipo, si kwa jua la mahali alipozaliwa. Sisi twalijua hilo, hata tumeacha kulifikiri. Ni mtoto aliyemwonyesha. Alisimama naye mlangoni wakati wote ule, akimhesabia: likigusa mti ule, kisha likifika nyuma ya paa lile, ndipo muadhini wetu atakapopanda. Ikawa kama alivyosema. Mama alirudi mkekani, akafungua, akasali, na baada ya sala akakaa kimya muda mrefu kuliko dhikri zake za kila siku.

Usiku alitwambia, "Mwanangu, mtoto huyu ana jua lake."

Hatukumwelewa mara moja. Tulipomwelewa, likatujia jina la mtu wa kwetu Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari. Huyu alikuwa mwanachuoni, akenda Ujerumani mwaka 1900 kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha cha Berlin. Maandiko yake juu ya desturi za Waswahili ndiyo sehemu kubwa ya kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka 1903. Akaoa huko mwaka 1904, mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 akapanda meli pamoja na mkewe kurudi kwao. Serikali ya Kijerumani ya hapa ikamkatalia asishuke na mke wake. Akarudi Ulaya, akafa Berlin mwaka 1927 bila kukaa tena Bagamoyo. Tulilelewa tukisikia kuwa ugeni ni uzito, nao ni uzito kweli. Lakini yule alinyimwa mlango na watawala, na sisi njia i wazi, garimoshi lipo, mabasi yapo, hakuna aliyetukataza kurudi miaka kumi na moja. Ni sisi wenyewe hatukurudi. Duka lilikuwa likienda vizuri, na watu ni wema, basi tukakaa, lakini tukaona haya kukiri kuwa tumekaa. Na haya zetu waliozilipa ni wake zetu na watoto wetu, walioishi miaka hiyo yote kana kwamba wako stesheni.

Wazee wa misafara waliotutangulia bara, waliokwenda Tabora na Ujiji, walipanda miembe, na watu wangali wakila embe zake. Sisi hata mpapai, ambao huzaa kwa mwaka mmoja.

Asidhani msomaji kuwa mambo yalimalizika kwa furaha ya kila mtu. Mama alikaa mwezi mzima. Alikwenda kuziona chemchemi, akatia miguu pale maji yanapopoa, akasema ni dawa ya magoti. Yule bibi Msukuma alimletea maziwa. Wakakaa ukumbini wakitaniana, kwani Wazaramo na watu wa Unyamwezi na Usukuma wana utani wa tangu zamani, na kila mmoja akamtangazia mwenziwe matanga yake. Lakini juu ya Kurani ya mtoto hakulegeza hata kidogo, wala hakukosea. Tulipatana hivi: mtoto abaki kwa wazazi wake, likizo ya Desemba aende Bagamoyo, akae kwa bibi yake, amnyoshe, na kila usiku wa Ijumaa amsomee kwa simu nusu ya juzuu, bibi akiwa na msahafu mapajani. Siku ya kuondoka, mama alilia penye basi. Alisema alimtayarishia kitanda. Neno hilo latuuma hata leo, na hatuna dawa yake.

Mapatano ya simu yanaendelea, ijapokuwa mtandao hukatika katikati ya aya na mtoto hudai kuwa ameisoma yote. Herufi ya ʿayn imeanza kutoka. Ya ḥaa bado.

Ama sisi, baada ya Idi tulinunua kiwanja nyuma ya soko, tukachimba msingi wa vyumba vinne na ukumbi. Tulipomwambia yule bibi jirani, alistaajabu. "Kwani mlikuwa hamjahamia?"

Na lile sanduku? Mama wa watoto wetu alilifungua mwenyewe kwa nyundo usiku wa kuamkia Idi, asituombe ruhusa. Sahani zilikuwa ishirini na nne. Tatu zilikuwa zimepasuka njiani tangu mwaka 2012, nasi tulikuwa tumezitunza miaka yote ile bila kujua. Zilizobaki zilitosha kwa majirani wa pande zote mbili za njia, Waislamu na wasio Waislamu, na wali wenyewe ulikuwa nusu wa nazi, nusu wa karanga, kwa kuwa mama na mjukuu wake hawakukubaliana.