Mche Wenye Kiu Penye Maji



Huenda umeliona jambo hili kijijini kwako, hasa kama unakaa pwani. Mche wa mwembe unamwagiwa maji kila siku. Udongo umelowa. Lakini ncha za majani zinakauka kama zimeunguzwa na moto. Unaongeza maji. Mche unazidi kunyauka. Kwa nini?

Onja kidogo maji ya kisima hicho, kisha uyateme. Yana chumvi?

Samaki akitiwa chumvi, maji humtoka, akawa ng'onda. Chumvi huvuta maji. Ikijaa katika udongo huyashika maji, na mizizi haiwezi kuyanywa vizuri. Mche hupata kiu penye maji.

Mche hujitahidi. Hutumia sukari yake ili kushika maji ndani ya majani. Lakini sukari hiyo ndiyo chakula cha kukulia. Kwa hiyo mche hudumaa. Tena chumvi huingia katika majani. Rangi ya kijani hupungua, na majani hushindwa kutengeneza chakula cha kutosha.

Tufanye nini?

1. Tukinge maji ya mvua, tuyaweke kwa ajili ya miche.

2. Tutoboe makopo ya miche chini, maji yatoke pamoja na chumvi.

3. Tumwagie udongo, tusimwagie majani.

4. Penye chumvi tupande minazi na mivinje. Hiyo huvumilia chumvi kuliko miembe na michungwa.

Kukuza mche ni kazi ya miezi mingi. Usiipoteze. Onja maji kwanza.