Siku Iliyogeuka Kuwa Safari



Mwezi huu yatupasa tuombe radhi kwanza, kisha tusimulie. Watoto wetu wa chuoni wengi wao husoma skuli asubuhi na kwetu jioni, na mara nyingi huja na vitabu vyao vya Kiingereza wakavifungua ukumbini kabla ya adhana ya Magharibi. Binti mmoja katika wakubwa wao alituuliza maana ya neno "journeyman". Sisi Kiingereza chetu ni cha skuli ya msingi, tena cha zamani. Lakini "journey" twajua kuwa ni safari, na "man" ni mtu. Basi tukamjibu mbele ya wenziwe pasina kusita: ni msafiri. Akaandika. Baada ya siku mbili tatu daftari lake likarudi na wino mwekundu, na wenziwe wa skuli wakamcheka. Yeye hakutwambia neno, adabu ilimzuia. Tuliambiwa na nduguye mdogo, ambaye adabu hiyo bado haijamfika.

Jambo hilo lilituuma. Kwani ni sisi tunaowafundisha watoto hao kwamba asiyejua na aseme "Allahu aalam", wala asione haya. Na siku ile tulijua nusu ya neno, tukajibu kama tulijuaye lote. Tukamwendea jirani yetu, mzee aliyekuwa karani, mwenye kamusi kubwa ya Kiingereza ambayo haitoi ovyo. Tukaiazima, tukakaa nayo kila usiku baada ya Isha muda wa juma zima.

Tuliyoyakuta humo ni haya. Neno "journey" asili yake si safari. Asili yake ni siku. Warumi wa kale siku waliiita "dies", na kilicho cha mchana au cha kila siku wakakiita "diurnus". Wafaransa wakatoa humo "jour", yaani siku, na "journée", yaani kutwa nzima pamoja na yote yafanyikayo ndani yake. Mwaka 1066 William wa Normandy aliiteka Uingereza, na kwa karne kadha baadaye wakubwa wa nchi ile walikuwa wakisema Kifaransa. Maneno ya wakubwa hushuka mpaka jikoni na shambani. Kiasi cha mwaka 1200 neno hili lilikuwa limekwisha kuingia katika Kiingereza, nalo halikuwa na maana moja. Lilikuwa siku, lilikuwa kazi ya siku moja, lilikuwa mwendo wa siku moja, na wakati mwingine lilikuwa vita vya siku moja.

Hili la vita huenda likamshangaza msomaji, lakini sisi tuliosoma Sira halitushangazi. Waarabu nao vita wakiviita siku: Siku ya Badr, Siku ya Uhud, na vita vyao vya kabla ya Uislamu hadi leo vyaitwa "Ayyamul-Arab", Siku za Waarabu. Mataifa mawili yasiyosikizana yamefikiri fikira moja.

Ama mwendo wa siku, huo twaujua zaidi kuliko Waingereza wa leo. Mwingereza wa zamani akisema mji fulani uko mbali "journey" mbili, hakuwa akisema kwamba amesafiri mara mbili, bali kwamba huko hufikiwa kwa kutwa mbili. Ni kipimo. Na katika fiqhi yetu kipimo hicho kingali hai, nacho ni marhala. Katika madhehebu ya Imamu Shafi mwenye kupunguza Sala sharti safari yake iwe marhala mbili, nazo ni farsakh 16, yaani maili 48 za Bani Hashim. Asili yake ni mwendo wa siku mbili wa wanyama waliobeba mizigo. Wanazuoni wa leo wakizigeuza maili hizo kuwa kilomita hutofautiana, lakini wengi huzidisha 80. Na wamesema kwamba mtu akiyakata masafa hayo kwa saa moja, hukumu ni ile ile. Kutoka Mombasa hadi Malindi ni kilomita zipatazo 120, na motokaa huzimaliza kwa saa mbili hivi; abiria ashukaye Malindi amekwisha kupita marhala mbili naye hata kiu hakupata. Siku imeondoka, kipimo chake kimebaki. Katika Kiingereza imekuwa kinyume: kipimo kimeondoka, na siku imeondoka, limebaki jina tu. Reli ya Liverpool na Manchester ilipofunguliwa mwaka 1830, Waingereza walikuwa wamekwisha kusahau zamani kwamba ndani ya neno hilo mlikuwa na jua kuchwa na kucha.

Sasa turudi kwa kosa letu. "Journeyman" si mtu wa safari, ni mtu wa kutwa. Kijana wa Kiingereza akitaka kujifunza useremala au uhunzi aliwekwa kwa bwana wa kazi, na sheria ya mwaka 1563, zama za Malkia Elizabeth wa Kwanza, ililazimisha miaka 7 ya kujifunza. Akihitimu huwa fundi kamili wa mikono, lakini hana duka lake wala wanafunzi. Hufanya kazi kwa bwana mwingine akilipwa ujira wa siku. Huyo ndiye "journeyman". Kusafiri si sharti. Aweza kuishi maisha yake yote katika mtaa mmoja. Sheria ile iliondolewa mwaka 1814, lakini jina halikufa, na huko Marekani na Canada fundi wa umeme au wa mabomba aliyefuzu angali akiitwa hivyo. Katika habari za michezo, tena, humwita hivyo mchezaji wa kadiri, asiye hodari sana, ahamaye timu hii kwenda ile. Basi safari tuliyomsingizia sisi, wenyewe pia wameanza kumsingizia! Hatusemi haya kujitetea.

Kwetu yuko anayemkaribia: kibarua. Huyu naye hakuitwa kwa kazi yake, aliitwa kwa karatasi. Kibarua ni barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa, akakitoa jioni apate ujira wake. Jina likahama kutoka karatasi likamshika mtu, kisha likaishika kazi yenyewe, hata leo mtu akiachishwa kazi husemwa kibarua chake kimeota nyasi. Anayejua hayo hataona ajabu siku kugeuka safari.

Na neno hilo la Kiingereza lilipita mahali pengine tusipopatazamia. Katika nyumba ya kufulia sarafu ya London fungu la dhahabu liliitwa "journey", kwa kuwa hapo kale ndicho kiasi kilichofuliwa kwa siku moja: ratili 15 za dhahabu kwa mizani yao, zikatoka pauni za dhahabu 701. Kamusi ya jirani yetu ina mambo.

Yako maneno mengine ya njiani ambayo tutayapita upesi. "Travel" ni ndugu wa "travail", na maana yake ya kwanza ni taabu na kazi ngumu. Wataalamu huifikisha kwenye chombo cha Warumi cha miti mitatu cha kuadhibia watu. Mfaransa ameshika kazi, Mwingereza ameshika safari, na taabu wamegawana. "Fare", ambalo ni neno lao la asili kabla ya Wafaransa, lilikuwa kwenda. Leo ni nauli. Hata hivyo wakiagana husema "farewell", nenda vema, wala hawafikirii nauli.

Safari yetu nayo haikukaa ilipozaliwa. Imetoka katika Kiarabu, "safar", na wanazuoni husema imeitwa hivyo kwa sababu hufunua tabia za watu. Burton, aliyefika Ziwa Tanganyika mwaka 1858, alilitumia neno letu katika kitabu chake cha 1860, na Roosevelt aliposhuka Mombasa mwaka 1909 kwenda kuwinda, likavuma duniani. Tangu hapo kwa mgeni safari ni simba na tembo. Kwetu sisi mwenda Hija yuko safarini, na mwenda sokoni wa mji wa pili yuko safarini, na tukisema "safari hii" maana yake ni mara hii tu, hapana mtu aliyeondoka.

Siku hizi twasikia watu wakisema "safari yangu ya kupunguza uzito", na mwenye kusema amekaa kitini. Hayo yametoka kwa Waingereza, ambao wameanza kuitia "journey" katika kila jambo. Masikio yetu yalikataa. Kisha tukakumbuka kwamba watu wa tarika wameiita njia ya moyo "suluki", mwendo, karne nyingi kabla ya mizani za bafuni kuundwa. Tumenyamaza.

Alhamisi tuliwakusanya watoto wote waliokuwapo siku ile, tukawaambia: jibu letu lilikuwa kosa, na daftari la ndugu yenu lilikosa kwa sababu yetu, si yake. Binti mwenyewe aliinamisha kichwa. Kisha akanyanyua mkono akauliza: "Maalim, na fundi yule wa Kiingereza, siku ya Jumapili asiyofanya kazi, alilipwa?" Tukamjibu kwamba hatujui. Akaliandika swali lile mwisho wa daftari lake, akaacha mistari miwili mitupu chini yake. Kamusi bado iko kwetu. Mwenyewe ameituma salamu mara mbili.