Daftari la wiki: Radi, Bwana Msa na Bobi

Masika yameshika kasi Dar es Salaam, na jioni zote za wiki hii zimekuwa za ndani: filamu, vitabu vya kusomea kwenye kochi, na Bobi chini ya meza. Bobi ni mbwa koko wa rangi ya kahawia. Mgeni hapiti getini bila idhini yake, lakini wingu likinguruma tu, mkia anaufyata.

*

Jumatatu nilirudia Psycho ya Alfred Hitchcock, ile ya 1960. Lile tukio la mauaji bafuni nililitazama kwanza nikiwa nimezima sauti, halafu nikairudisha. Bila sauti unaona vipande vya picha vilivyounganishwa kwa ustadi mkubwa, basi. Kinachokufanya uvute miguu juu ya kochi ni muziki wa Bernard Herrmann, alioutunga kwa ala za nyuzi peke yake. Hitchcock alikusudia tukio lile liende bila muziki wowote. Aliposikia kazi ya Herrmann akabadili uamuzi, na sinema ya kutisha haikuwa ileile tena.

Waliokulia uswahilini wanaijua dawa ya hofu ya namna hiyo. Kwenye vibanda umiza, vile vya kuonyeshea video, sauti ya msimuliaji Lufufu ilipanda juu ya filamu, ikatafsiri, ikaeleza nani ni nani na anataka nini. Kenya wanaye DJ Afro. Wapo wanaoidharau kazi hiyo wakidai inaharibu filamu. Mimi naiheshimu sana. Mtoto aliyebanana na wenzake kwenye benchi, mbele ya muuaji anayezungumza lugha asiyoijua, alipata mtu mzima wa kumweleza yanayotokea.

*

Jumatano usiku radi zilipiga kweli. Bobi alianza kuhema ulimi nje kabla sisi hatujasikia kitu. Akapiga miayo mfululizo bila usingizi wowote, akalamba pua, akazunguka sebule akitafuta pa kujificha. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. La mbwa hufika kama 45,000, na hata sauti hafifu ya mbali hulipata mapema. Sisi tunajua kuwa radi itapita. Yeye hana wa kumweleza.

Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemwamkia kila asubuhi, aliniambia, “Mwanangu, usimbembeleze, utamzoesha uoga.” Nilimjibu kwa adabu, lakini sikubaliani naye. Hofu si ujanja anaoufanya mbwa ili apate malipo, na mkono wa bwana wake hauiongezi. Akija, mshike kifuani taratibu. Akitaka kukaa uvunguni, mwache akae, usimvute. Kumchapa ni ukatili, na kunamfundisha kwamba radi huja na fimbo.

Nilifunga mapazia, nikaketi sakafuni, nikamsomea kwa sauti Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla. Kitabu hicho kilishinda shindano la uandishi la 1957-58, kikachapwa 1960, mwaka uleule wa Psycho. Watu wanaona mkono wa mizimu, lakini mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake, anatafuta mkono wa mtu. Ni kitabu cha kusomwa polepole, kina maongezi marefu na watu wenye adabu. Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, nampenda vilevile, ila kwa usiku wa radi ana risasi nyingi mno. Kufikia sura ya pili Bobi alikuwa ameweka kidevu juu ya mguu wangu, masikio bado yamesimama, pumzi zimeshuka.

*

Ijumaa tulitazama Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi. Zanzibar ya miaka ya 1950, usiku wa vichochoro na taa hafifu. Tafuteni, mtazame na wazee wenu.

*

Sasa kazi ya mchana, kukiwa kukavu: kumpunguzia Bobi hofu ya radi. Naweka rekodi ya ngurumo kwenye simu, sauti ya chini kabisa, na kila inaponguruma Bobi anapata dagaa mmoja mkavu. Akikaza shingo au akikataa dagaa, ujue sauti imezidi, ipunguze. Msingi wake ni uleule wa Ivan Pavlov na mbwa wake: mlio ukiambatana na chakula mara kwa mara, mwili hubadili unavyoupokea. Haiendi haraka, inahitaji wiki nyingi.

Mbwa anayejiumiza kwa hofu, anayekwangua mlango hadi kucha zinatoka damu, apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla mvua hazijakolea. Zipo dawa zake. Vidonge vyako vya usingizi usimpe kamwe. Na wewe uliyemfunga mlinzi wako kwa mnyororo uani, radi zikianza, tafadhali mfungulie, mwingize ndani.