Mkataba na Uingereza: Fundi wa Tassia Anapata Nini?

Ukishukia steji ya Tassia, sikiliza kidogo. Grainda inalia, mmoja anachomelea geti, mwingine anapigilia kitanda misumari. Hao wasee Brexit inawahusu, hata kama hakuna aliyewaambia.

Uingereza ilipomaliza kujitoa EU mwisho wa 2020, sisi tulikuwa pabaya. Uganda, Tanzania na Rwanda huhesabiwa kati ya nchi maskini zaidi, kwa hivyo wangeuza kule bila ushuru, mkataba uwepo usiwepo. Kenya ingelipishwa, maua pekee ni asilimia 8. Ndiyo maana tulisaini peke yetu, Desemba 2020.

Naivasha ikapona. Lakini nasi tunafungua soko letu polepole, ndani ya miaka 25. Kuna bidhaa nyeti zimeachwa nje ili viwanda vya hapa vipumue, ila si zote.

Sasa piga hesabu. Mashine na malighafi zikishuka bei, fundi wako anafaidi. Kitu kilichokamilika kikishuka, anaumia. Na mlango wa London uko wazi kwa mwenye cheti cha asili ya bidhaa, viwango na kontena. Yeye hata kibanda chake kiko kando ya barabara, kinaweza kubomolewa kesho.

Miaka 25 ni mingi, lakini saa inakimbia. Mwanasiasa akija mtaani 2027, usimuulize lami tu. Muulize fundi atapata lini umeme nafuu, mkopo na mahali pa kudumu pa kufanyia kazi. Bila hivyo, tutauza maua na kununua mageti.